A. C. Hobbs, Mtu Aliyefungua Vitasa Bila Ufunguo

Majina ya mafundi wa vitasa husomwa na watu kila siku bila kuwajua wenyewe. Yamechorwa juu ya makufuli na funguo tunazochukua mifukoni: Yale, Chubb na mengineyo. Jina la Alfred Charles Hobbs halionekani sana siku hizi, lakini katika mwaka wa 1851 hapakuwa na fundi wa vitasa aliyetajwa kuliko yeye katika magazeti ya Uingereza. Kazi iliyompa sifa haikuwa kutengeneza kitasa, bali kukifungua bila ufunguo, tena mchana, kwa ruhusa, na mbele ya mashahidi. Wako waliomshukuru, na wako waliomchukia. Yafaa tusome habari zake, maana swali lililoletwa na kazi yake halijaisha mpaka leo: je, udhaifu wa kitu ambacho watu wanakitegemea ufichwe, au utangazwe?

Hobbs alizaliwa katika mji wa Boston, Marekani, tarehe 7 Oktoba, 1812. Wazazi wake walitoka Uingereza. Baba yake alikufa Hobbs akiwa angali mtoto mdogo sana, na nyumba ikabaki katika umaskini. Alipopata miaka kumi ilimlazimu kuanza kazi ili ajisaidie na kumsaidia mama yake. Alifanya kazi shambani, kisha akajaribu ufundi wa namna nyingi: kuchonga mbao, kuunda magari ya farasi, kufua mabati. Hakudumu katika hata mmoja. Mtu aliyemwona wakati huo angeweza kusema kwamba kijana huyu hana msimamo. Lakini mikono yake ilikuwa ikijifunza. Kila kazi ilimfundisha tabia ya kitu kimoja: mbao hupasukaje, bati hukunjikaje, chuma husuguanaje na chuma.

Mwishowe aliingia katika kiwanda cha kioo huko Sandwich, katika jimbo lile lile la Massachusetts, akajifunza kukata kioo. Siku zile watu wenye mali walipenda milango yao iwe na vishikio vya kioo, navyo vishikio hufungwa pamoja na kitasa. Basi mkata kioo akajikuta anashika vitasa kila siku. Alivifungua akatazama ndani, akaona jambo ambalo wenye nyumba hawakulijua, yaani vitasa vingi vilivyosifiwa na wauzaji vilikuwa na ulinzi mdogo mno.

Hapa yatupasa tusimame kidogo tukitazame kitasa cha kizamani cha mlango wa ndani, kile chenye tundu kubwa na ufunguo mrefu wenye jino mwishoni. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachokwenda mbele na nyuma, nacho huitwa ulimi. Ulimi ukiingia katika tundu la mwimo, mlango umefungwa. Ufunguo unapozungushwa, ncha ya jino lake husukuma ulimi. Ili ufunguo wa mtu mwingine usifanye kazi hiyo, mafundi wa zamani waliweka ndani ya kitasa kuta ndogo za chuma za kuzuia njia. Ufunguo wa haki umekatwa mapengo katika jino lake, nao hupita kati ya kuta hizo kama mtu apitaye kati ya miti. Ufunguo usio na mapengo hayo hugonga ukuta ukasimama.

Watu wakiuona ufunguo wenye mapengo mengi hudhani kwamba kila pengo lina kazi ya kufungua. Sivyo. Kuta zile hazishiki ulimi hata kidogo. Zinazuia njia tu. Kinachosukuma ulimi ni ncha ya jino peke yake. Basi mtu akilikata jino lote, akabakiza shina na ncha nyembamba, ufunguo wake utapita pasipo kugusa ukuta wowote, na ulimi utasogea. Hata waya mnene uliokunjwa mwisho wake waweza kufanya vivyo hivyo. Tena viwanda vilitoa vitasa vingi sana kwa maumbo machache ya funguo, hata ufunguo wa chumba cha kulala ukaweza kufungua jikoni.

Ndiyo sababu fundi mwema, akiitwa katika nyumba ya zamani ambamo ufunguo wa chumba umepotea, haanzi kwa nyundo. Kwanza hujaribu funguo za vyumba vingine. Zisipofaa, huingiza waya wake, akapapasa polepole mpaka auguse ulimi, kisha akauzungusha upande ule ule ambao ufunguo ungezunguka. Ikiwa ndani mna springi au kipande kimoja kinachoukaza ulimi, hukiinua kwanza. Mlango unaovunjwa hugharimu mbao, kitasa, na siku nzima ya seremala. Mlango unaofunguliwa kwa akili hugharimu subira tu. Lakini jambo hilo lina upande wa pili: alijualo fundi mwema, mwizi naye aweza kulijua.

Mafundi wa Uingereza walikuwa wameliona neno hilo kabla Hobbs hajazaliwa. Katika mwaka wa 1778 Robert Barron alitengeneza kitasa chenye vipande vyembamba vya chuma viitwavyo leva. Kila leva ilipaswa kuinuliwa kadiri yake hasa. Ikiinuliwa kidogo mno ulimi hausogei, na ikiinuliwa kupita kiasi hausogei vilevile. Hapo mapengo ya ufunguo yakawa na kazi ya kweli. Katika mwaka wa 1784 Joseph Bramah, mtoto wa mkulima wa Yorkshire, alipata hati ya kitasa cha namna nyingine kabisa. Ufunguo wake ulikuwa mdogo na wa mviringo kama mrija, nao ulisukuma vipande vingi ndani, kila kimoja kwa kina chake. Bramah aliiamini sana kazi yake. Katika dirisha la duka lake, mtaa wa Piccadilly, London, iliwekwa kufuli yenye vipande 18, na tangazo la kwamba mtu atakayetengeneza chombo cha kuifungua atapewa gini 200, yaani pauni 210. Zilikuwa fedha nyingi mno kwa mfanyakazi wa siku zile. Bramah alikufa mwaka 1814, na kufuli ilikuwa bado imefungwa.

Wa tatu alikuwa Jeremiah Chubb. Kitasa chake cha mwaka 1818 kilikuwa na leva kama cha Barron, tena kilikuwa na mlinzi ndani. Mtu akiinua leva mojawapo kupita kiasi, springi huikamata, na kitasa chote hukaza. Mwenyewe akija na ufunguo wake, ukikataa kufungua, atajua kwamba kuna mtu aliyejaribu. Naye hupaswa kwanza kukirudisha kitasa katika hali yake. Husimuliwa kwamba mfungwa mmoja aliyekuwa fundi wa vitasa aliahidiwa msamaha na fedha ikiwa atakifungua. Alijaribu kwa miezi miwili au mitatu, akashindwa. Baada ya hayo, watu wa Uingereza walilala usingizi. Benki, maduka na nyumba za matajiri ziliamini kwamba kitasa kisichofunguka kimekwisha patikana.

Huko Marekani Hobbs alikuwa ameacha kioo akaingia katika biashara ya vitasa. Alifanya kazi kwa kampuni ya Day na Newell ya New York, akiuza kitasa kikubwa cha benki kilichobuniwa na Robert Newell. Namna yake ya kuuza ilikuwa ngeni. Hakumsifia mwenye benki kitasa kipya. Aliomba ruhusa ya kukijaribu kile cha zamani, akakifungua mbele ya macho yake. Baada ya hapo hapakuwa na haja ya maneno mengi.

Katika mwaka wa 1851 yalifanyika Maonyesho Makuu huko London, katika jengo la chuma na kioo lililojengwa Hyde Park. Vitu vya nchi nyingi vilikusanywa humo, na watu zaidi ya milioni sita waliingia kutazama. Hobbs alipelekwa na kampuni yake kukionyesha kitasa cha Newell. Alipofika alitangaza jambo lililowashangaza Waingereza, ya kuwa vitasa vyao mashuhuri vyaweza kufunguliwa bila ufunguo, hata kile cha Chubb. Wengi walimcheka, wakaona ni majivuno ya mchuuzi atokaye mbali.

Tarehe 22 Julai, 1851, watu kadhaa wenye heshima walikusanyika katika nyumba moja ya mtaa wa Great George, Westminster, iliyokuwa na mlango wa chuma wenye kitasa cha Chubb. Hobbs alitoa vyombo vidogo vichache mfukoni, akaanza kazi. Kwa muda wa dakika 25 kitasa kilifunguka. Mashahidi wakamwomba akifunge tena bila ufunguo, akafanya hivyo kwa dakika 7.

Aliwezaje? Jambo lenyewe si uchawi. Hobbs alitia chombo kimoja kilichousukuma ulimi kidogo na kuendelea kuusukuma, kana kwamba ufunguo unazungushwa. Kwa chombo cha pili aligusa leva moja moja. Sasa, hakuna mkono wa mwanadamu uwezao kutengeneza vipande sita vya chuma vilivyo sawasawa kabisa. Kimoja huzidi kingine kwa unene wa unywele. Basi ulimi unaposukumwa, leva moja hubanwa kabla ya nyingine, na kidole chenye mazoezi huhisi ugumu huo. Hobbs aliiinua leva iliyobanwa mpaka ikaachia, kisha akaitafuta inayofuata. Naye mlinzi wa Chubb, aliyewekwa ili amfichue mgeni, ndiye aliyemsaidia, maana alimjulisha ni leva ipi imeinuliwa kupita kiasi. Ulinzi ukageuka kuwa mtoa habari. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya kitasa Hobbs aliiuliza kwa kitasa chenyewe.

Siku mbili baadaye aligeukia kufuli ya Bramah. Warithi wa Bramah hawakukataa, maana tangazo lilikuwa lao wenyewe. Wakakubaliana masharti. Hobbs angepewa siku 30, kufuli ingefungwa kati ya mbao ili tundu la ufunguo peke yake lionekane, na waamuzi watatu wangekagua. Kazi hii ilikuwa ngumu kuliko ile ya kwanza. Vipande 18 katika nafasi ndogo kama kidole! Kifaa alichokiweka kilikaza kufuli bila kulegea, naye akapima kila kipande na kuandika kina chake. Siku nyingine alitoka bila kupata hata hatua moja. Alifanya kazi kwa siku 16, na saa zake zilipohesabiwa zilikuwa 51. Katika siku za mwisho za Agosti kufuli ilifunguka, nayo ilikuwa imekaa dirishani miaka mingi.

Palikuwa na ugomvi mkubwa. Warithi wa Bramah walilalamika kwamba jaribio halikuwa la haki. Walisema hakuna mwizi atakayeachwa siku 16 mbele ya mlango, wala hakuna mwenye nyumba atakayemruhusu mgeni kufunga vifaa juu ya kitasa chake. Neno lao lilikuwa na ukweli ndani yake. Kufuli inayompa kazi ya saa 51 fundi aliyewashinda wote si kufuli mbaya. Lakini tangazo halikutaja saa, lilitaja chombo tu, na waamuzi wakaona kwamba Hobbs amelitimiza. Gini 200 zikalipwa. Kufuli yenyewe imehifadhiwa katika Makumbusho ya Sayansi huko London.

Magazeti yaliyapigania mambo haya kwa majuma mengi. Watu wengi hawakumlaumu Hobbs kwa kufungua, walimlaumu kwa kutangaza. Waliona kwamba amewafundisha wezi, na kwamba ingalikuwa heri anyamaze. Hobbs alilijibu shauri hilo waziwazi. Habari za vitasa alizozikusanya zilitolewa kuwa kitabu mwaka 1853, kilichotengenezwa na Charles Tomlinson, na katika mwaka wa 1854 aliwaeleza wahandisi wa London jinsi vitasa vinavyofanya kazi na jinsi vinavyoshindwa. Hoja yake ilikuwa kwamba wezi ni watu wenye bidii katika kazi yao. Waliyajua mengi kabla hajafika yeye, na hawakungoja kufundishwa na gazeti. Asiyejua ni mwenye mali aliyenunua kitasa kwa kuamini jina. Kwa hiyo kuficha udhaifu hakumzuii mwizi, kunamzuia mwenye nyumba tu asijilinde.

Hoja hiyo ilirudi nyumbani kwake pia. Hobbs alibaki London, akaanzisha karakana iliyotengeneza vitasa kwa mashine, ili watu wa fedha kidogo nao wapate kitasa chema. Mafundi wengi wa Uingereza wakati huo walikuwa wakikata kila kipande kwa tupa na mkono. Lakini katika mwaka wa 1854 fundi mmoja wa kampuni ya Chubb alikifungua kitasa kimoja cha Hobbs bila ufunguo. Hata kile kitasa kikubwa cha Newell, alichokuja nacho kutoka Marekani, kilifunguliwa huko huko Marekani na kijana aitwaye Linus Yale. Aliyewapima wengine alipimwa kwa kipimo kile kile. Nani alipata faida katika mashindano hayo? Ni wanunuzi. Chubb walikirekebisha kitasa chao, warithi wa Bramah wakafanya vivyo hivyo, na Yale akaichukua njia ya kale ya vitasa vya mti vya Misri, akaipunguza mpaka ikaingia katika mviringo mdogo wa chuma wenye ufunguo bapa. Kitasa cha namna hiyo ndicho kilicho katika milango mingi ya nje tunayoipita leo.

Katika mwaka wa 1860 Hobbs alirudi Marekani. Kampuni aliyoiacha London iliendelea karibu miaka mia, mpaka iliponunuliwa na Chubb wenyewe katika mwaka wa 1956. Wapinzani wa 1851 wakawa nyumba moja. Yeye mwenyewe alikwenda Bridgeport, Connecticut, akafanya kazi katika kiwanda cha cherehani cha Elias Howe, na tangu 1866 akawa msimamizi wa kiwanda cha risasi mjini humo. Huko nako alipata hati za mambo mapya aliyoyabuni. Alikufa Bridgeport mwezi wa Novemba, 1891, akiwa na umri wa miaka 79.

Habari za Hobbs zaweza kusomwa vibaya. Mwanafunzi mwenye haraka atakumbuka waya uliokunjwa na kusahau mengine yote. Basi tuyatazame mambo matatu aliyoyafanya kila mara. Hakugusa kitasa bila ruhusa ya mwenyewe. Hakufanya kazi pasipo mashahidi. Na alipomaliza hakuchukua kitu, ila alieleza alichokiona. Mtu aondoaye moja katika hayo matatu si mfuasi wa Hobbs, ni mwizi tu mwenye waya.

Yuko mtu katika kila kazi ajuaye mahali palipo dhaifu: katika daraja, katika dawa, katika hesabu za chama. Mara nyingi huambiwa anyamaze, kwa sababu watu wamelala na usingizi ni mtamu. Tena mwenye kusema hupata lawama kabla ya shukrani. Hobbs alilaumiwa sana na watu waliokuwa wakubwa kuliko yeye, katika mji usio wake. Hata hivyo, vitasa vilivyotengenezwa baada ya mwaka 1851 vilikuwa bora kuliko vilivyotangulia, na mafundi waliovitengeneza ni wale wale waliomkasirikia.